Vijana na Waimbaji wa Dansi



Mazungumzo yangu ya leo yahusu jambo linalozusha maneno katika nyumba nyingi, nalo ni mapenzi ya vijana kwa waimbaji wa dansi. Hapa Mbekenyera, mara fedha za ufuta na korosho zinapoingia mikononi, hapakosi kijana anayetangulia kununua simu na spika ndogo, apate kuwasikiliza waimbaji wa Dar es Salaam usiku na mchana. Nyimbo zao amezihifadhi zote, nywele zake amenyoa kama wao, na hata mwendo wake umekuwa mwendo wao. Wala hapakosi mzazi anayeshika tama na kusema, "Vijana wa siku hizi wamepotea. Sisi hatukuwa hivi."

Neno hilo la mzazi ndilo ninalotaka tulipime. Je, ni kweli kwamba vijana wa zamani hawakuwa hivi? Na ikiwa walikuwa hivi, wazee wao walifanyaje, na mwisho wake ukawa nini? Yafaa tujue habari hizo kabla hatujashika fimbo, maana mtu anayepiga asichokijua huweza kuvunja chombo chake mwenyewe.

BENI: MARINI NA ARINOTI

Tuanze mbali kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa miji ya pwani ya Kenya, kama Lamu na Mombasa, waliwaona askari na mabaharia wa Kizungu wakipiga tarumbeta na matari na kutembea kwa safu. Wakapendezwa nayo, wakaiga, na ngoma yao ikaitwa beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bendi. Vikundi viwili vilivyojulikana sana viliitwa Marini na Arinoti. Vijana walishona nguo za kijeshi, wakajipa vyeo vya Kingi na Jenerali, nao wakashindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu, kila upande ukitaka kuuaibisha upande wa pili.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwachanganya askari na wapagazi wa makabila mengi, nao waliporudi makwao walirudi na beni. Kwa njia hiyo ngoma ya vijana wa pwani ilienea Tanganyika, hata ikafika Nyasa, ambako jamaa yake mmoja huitwa mganda.

Walalamikaji hawakukosekana. Wazee walisema fedha zapotea bure na heshima imekwisha. Wamisioni wengi waliiona kuwa ni upuuzi, na maofisa wa serikali ya kikoloni waliogopa kwamba chini ya vyeo vile vya mchezo yamejificha mambo ya siasa. Walakini waliochungulia ndani waliona jambo jingine. Wanachama wa beni walisaidiana katika ugonjwa na maziko, na kijana aliyefika mji mgeni hana ndugu alipata humo watu wa kumpokea. Basi tangu zamani zile ngoma ya kuiga ilikuwa na kazi mbili: kumfurahisha kijana na kumpa jamaa.

SANTURI ZA CUBA

Beni ilipoanza kuchoka, kilikuja chombo kipya, nacho ni kinanda cha santuri, kile kilichotiwa nguvu kwa kuzungushwa mkono. Mwaka 1928 Bibi Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia sauti yake katika santuri, na nyimbo zake za Kiswahili zikasikika katika miji yote ya pwani. Watu wakatambua kwamba sauti ya mtu wao yaweza kuingia katika kisanduku na kutoka tena.

Kisha, kuanzia mwaka 1933, kampuni ya His Master's Voice ilileta Afrika santuri zilizotiwa alama ya herufi GV. Zilitolewa zaidi ya 200 kwa muda wa miaka mingi, na nyingi zilikuwa nyimbo za kisiwa cha Cuba, zilizoimbwa kwa Kihispania. Vijana wetu hawakujua hata neno moja la lugha ile, lakini walizipenda mno. Sababu yake si vigumu kuiona. Watumwa kutoka Afrika walipopelekwa Cuba walikwenda na mapigo ya ngoma zao, na mapigo hayo yalichanganyika na gitaa la Wahispania. Kwa hiyo santuri ilipolia huku, kijana alisikia kitu kigeni ambacho miguu yake ilikuwa imekwisha kukijua.

Katika mji wa Morogoro alikuwako kijana mmoja jina lake Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928. Yasimuliwa kwamba santuri hizo zilimteka moyo hata akatoroka nyumbani pamoja na wenziwe, nia yao wafike Cuba wenyewe wakajifunze muziki kwa wenyeji wake. Walifika Mombasa, safari ikaishia hapo. Mzazi gani asingesema kwamba mtoto huyu amepotea? Lakini kijana alirudi, akaunda bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba, akatunga nyimbo kwa Kiswahili fasaha juu ya mapenzi, juu ya dunia na juu ya nchi yake. Mapigo yalikuwa na asili ya Cuba, lakini maneno na mawazo yalikuwa ya Morogoro. Mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wakizinunua santuri zake, na bendi yake ikaendelea chini ya Juma Kilaza.

Katika mji ule ule ilikuwako bendi ya pili, Morogoro Jazz, iliyoundwa mwaka 1944. Mji uligawanyika pande mbili kama ulivyogawanyika zamani baina ya Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na mashabiki wake waliotetea bendi yao kwa maneno na kwa fedha. Aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1944, Mbaraka Mwinshehe, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipojiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia, kuiwakilisha Tanzania. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, na gitaa lake lasikilizwa hata leo.

SABABU ZA MAPENZI HAYA

Tusidhani kwamba mambo haya yaliwapata Waafrika peke yao. Mwaka 1956 filamu ya Kimarekani iliyoitwa Rock Around the Clock, yenye nyimbo za rokenroli, ilionyeshwa Ulaya. Huko Oslo, mji mkuu wa Norwei, nchi ya baridi na utulivu na makanisa mengi, vijana walitoka katika jumba la sinema wakafanya ghasia mitaani hata polisi wakaitwa. Magazeti yakaandika, wazazi wakashangaa, walimu wakakemea. Haukupita muda nchi zile zikapata waimbaji wao. Norwei ilikuwa na Per Granberg, ambaye mashabiki walimwita "Elvis" kwa jina la mwimbaji wa Marekani, Elvis Presley. Uswidi ilikuwa na Little Gerhard, aliyeanza kwa nyimbo za Kiingereza, na baadaye akapendwa kwa nyimbo za Kiswidi pia. Wavulana na wasichana wa miaka kumi na mitano walivaa kama wao na kupiga kelele walipowaona.

Sasa tuulize: Oslo na Morogoro zafanana katika nini? Kwa maoni yangu mambo manne yanapokutana, hapana budi kundi la vijana na mwimbaji wao litokee.

La kwanza ni fedha kidogo iliyo ya kijana mwenyewe. La pili ni saa chache ambazo hana kazi wala mzazi wa kumwangalia. La tatu ni chombo cha kuleta sauti kutoka mbali, kiwe santuri, redio au simu. La nne ni kwamba kijana wa umri ule si mtoto tena, na bado hajapewa kiti katika baraza la watu wazima. Atafuta mahali ambapo yeye ndiye mwenye kujua, na katika dansi mpya yeye ndiye mwalimu na mzazi ndiye mjinga.

Watu wa kusini twaweza kuyaona mambo hayo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1947 ulipoanzishwa ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa, vibarua wakaja kutoka pande nyingi. Mpango wenyewe ulianguka, na mwaka 1951 ukaachwa. Lakini kwa miaka ile kijana aliyetoka kijijini alijikuta na mshahara mwisho wa mwezi, jioni yake mwenyewe, na wenziwe wa lugha mbalimbali, mbali na wajomba wake. Mahali pa namna hiyo popote duniani dansi humea kama majani baada ya mvua.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1951 Dar es Salaam ilianza kutangaza, na kijana wa kijijini aliyekuwa hawezi kununua santuri aliweza sasa kuisikia bure kwa jirani. Baadaye zikaja kadi za salamu. Shabiki aliandika jina lake, majina ya rafiki zake na wimbo aupendao, akaipeleka kadi yake posta, kisha akangoja siku kadha wa kadha kusikia mtangazaji akimtaja. Siku jina lake liliposomwa, alikuwa mtu mkubwa kijijini kwa juma zima.

TWISTI, NA NENO LA MWALIMU

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dansi ya twisti, iliyotangazwa duniani na Chubby Checker wa Marekani tangu mwaka 1960, ilifika Nairobi. Waimbaji wa gitaa kama John Nzenze na Daudi Kabaka hawakuiacha kama ilivyokuja. Waliichanganya na kwela, muziki wa filimbi wa vijana wa Afrika Kusini, wakaiimba kwa Kiswahili chepesi, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaicheza kama kitu chao. Na hapa pana jambo la kufurahisha. Wimbo wa Kabaka uitwao "Helule Helule" uliimbwa tena mwaka 1968 na The Tremeloes, bendi ya Uingereza, na vijana wa Uingereza wakaucheza. Kilichotoka kwao kilirudi kwao kikiwa kimevaa nguo zetu.

Viongozi wetu nao waliliona jambo hili. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba, chachacha, rokenroli na twisti, lakini ni wachache waliozijua hata kwa majina ngoma za makabila yao. Akaanzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Watu wengi huishia hapo wanapoikumbuka hotuba hiyo. Lakini Mwalimu aliongeza kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Neno lake lilikuwa kwamba kujifunza cha mwenzio kusikufanye ukitupe chako.

Waliomfuata walishika nusu ya kwanza kwa nguvu zaidi. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, ya kupiga marufuku nguo fupi za wasichana, suruali za kubana na nywele za bandia. Mwezi Novemba mwaka huo huo, mkuu wa Mkoa wa Pwani alikataza katika Dar es Salaam muziki wa Wamarekani weusi uitwao soul. Magazeti yalijaa barua. Wengine walishukuru. Wengine waliuliza mbona suti na tai hazikukatazwa, nazo hazikushonwa mara ya kwanza na babu zetu.

Matokeo yalikuwa nini? Mapenzi ya vijana hayakufa. Miaka ya 1970 vijana wa bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam walichanganya soul, rokenroli na mapigo ya Kiafrika, na mwaka 1976 wakarekodi sahani nzima ya nyimbo zao.

Lakini serikali ile ile ilikuwa imefanya jambo jingine pia, lisilo la makelele. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Jeshi la Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo yalikuwa na bendi zao. Kijana mwenye kipaji alipewa gitaa asiloweza kulinunua, akapewa mshahara, saa za mazoezi na mkubwa wa kumwangalia. Humo zilitungwa nyimbo ambazo wazee wa leo huzisikiliza kwa machozi, na NUTA Jazz ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Linganisheni basi mambo haya mawili. Marufuku ilitoa barua za magazetini. Gitaa na mahali pa kulipigia vilitoa muziki wa taifa.

NASAHA KWA WAZAZI NA WALIMU

Nisidhaniwe kuwa nasema kila wimbo ni mwema na kila dansi ni salama. Hatari ziko, nasi tuzitaje kwa majina yake. Binti anayetoka usiku kwenda ngomani bila mtu mzima, akarudi alfajiri, yu hatarini kupoteza shule yake na afya yake. Mvulana anayeuza gunia la korosho la babaye apate fedha za pombe na muziki, huyo ni mwizi. Lakini hatari hizo zimo katika usiku, katika pombe na katika kukosa mwangalizi. Tukiukamata wimbo na kuuacha usiku, tumemfunga mbuzi na kumwacha chui.

Na tukumbuke kwamba babu zetu hawakuwa wajinga katika jambo hili. Jando na unyago vya Wamwera, Wamakonde na Wayao huja baada ya mavuno, na vijana huimba na kucheza mpaka kuche. Sindimba, ambayo sasa huchezwa mbele ya wageni wa taifa na kufundishwa mashuleni, ina viuno ambavyo mgeni wa kwanza kuviona aliinamisha uso. Lakini mahali pake pajulikana, wakati wake wajulikana, na wako makungwi na manyakanga wa kuongoza. Kwa hiyo babu zetu hawakumnyang'anya kijana ngoma, bali waliizungushia ua na kuiwekea mlinzi.

Basi tufanye hivyo hivyo na muziki wa leo. Jambo la kwanza, tuusikilize kabla ya kuuhukumu. Mzazi anayeweza kumwuliza mwanawe, "Huyu aliyetunga beti hizi ana maana gani?" atapata mazungumzo ambayo kelele haziwezi kuyapata. Kama maneno ni machafu, ayaonyeshe uchafu wake kwa sababu, si kwa matusi.

Jambo la pili, tumtoe kijana katika kusikiliza tu tumwingize katika kutenda. Shabiki na mwanamuziki ni mtu mmoja katika umri wa namna mbili. Salum Abdallah alikuwa shabiki kabla hajawa mtunzi. Shule isiyo na fedha za gitaa haikosi ngoma, filimbi wala sauti za watoto. Mwalimu awape kazi ya kutunga: wachukue mapigo wanayoyapenda, hata yawe ya singeli iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, watie humo maneno yao wenyewe juu ya mvua, juu ya korosho, juu ya nduguye aliyekwenda mjini asirudi. Atakayejaribu ataona jinsi ilivyo kazi ngumu kutunga mistari minne tu yenye vina, naye ataanza kumheshimu fundi na kumdharau mropokaji.

Jambo la tatu, tuweke mahali na saa. Jumamosi alasiri katika uwanja wa shule, pakiwa na wazee wawili watatu waliokaa chini ya mwembe, ni bora kuliko usiku wa manane nyuma ya vilabu. Wazee wakija, nao waombwe kuimba nyimbo za ujana wao, ili mtoto asikie kwamba babu naye alipata kuwa kijana.

Nanyi vijana mnaonisikiliza, neno langu kwenu ni fupi. Kupenda cha mgeni si aibu. Waliowatangulia walipenda tarumbeta ya mabaharia, rumba ya Cuba na twisti ya Marekani. Lakini hawakukumbukwa kwa kupenda. Wanakumbukwa kwa sababu walikipokea kitu cha mgeni mkono mmoja, na mkono wa pili wakakirudisha kikiwa kimebadilika, kinasema Kiswahili, na kinajua habari za kwao. Mwimbaji unayemwiga leo amekwisha kufanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni yako, nasi wakubwa yatupasa tukupe mahali pa kuifanyia.